Kombe Husomwa Mgongoni: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Makombe ya Kale ya Kiingereza

Kwa bibi yangu Mji Mkongwe, ukuta wa sebule ulikuwa na zidaka, na katika kidaka cha juu kabisa lilikaa kombe la buluu ambalo sisi wajukuu hatukuruhusiwa hata kulisogelea. Siku ya Idi ndipo lilipoteremshwa. Lilipakuliwa pilau, likaoshwa na bibi kwa mkono wake, likarudi juu. Mgongo wake niliuona nikiwa mtu mzima, nimehamia Leicester, Uingereza, siku niliyokwenda likizo bibi akaniambia, "Haya mwanangu, umekua sasa, lifute vumbi." Nikaligeuza. Chini palikuwa na chapa ya kiwanda cha Staffordshire na neno "England". Kombe lililotulisha miaka yote ile lilitoka mahali ambapo mimi, kutoka nyumbani kwangu, nafika kwa gari kwa saa moja na kitu.

Tangu siku hiyo nakusanya. Ninaposema kombe nakusudia sahani kubwa pana ya kupakulia. Ya Waingereza mara nyingi ina umbo la yai au la mstatili uliokatwa pembe, kwa sababu ilibeba paja zima la nyama. Pamoja nayo huenda mabakuli ya supu yenye vifuniko na vyombo vya mboga na mchuzi, na haya ninayoeleza yanavihusu navyo.

Hatua ya kwanza: chagua uwanja mmoja

Anayeanza hununua kila kinachong'aa, na baada ya mwaka kabati limejaa vitu visivyojuana. Chagua aina moja, ukae nayo mpaka macho yazoee.

Kuna masahani ya karne ya 17 yaliyochorwa kwa uji wa udongo, kazi ya mafundi kama Thomas Toft wa Staffordshire. Hayo yako makumbusho, na bei zake si za mtu wa mshahara. Kuna ya London, Bristol na Liverpool, yaliyopakwa weupe wa bati kuiga kauri ya Kichina. Ni mazuri sana, ila kingo zake humeguka upesi. Kisha kuna udongo wa rangi ya malai, ambao Josiah Wedgwood aliuboresha hata Malkia Charlotte akaagiza seti ya chai mwaka 1765, naye Wedgwood akauita udongo wa Malkia. Miaka ya 1773 na 1774 kiwanda chake kilimtengenezea Catherine wa Urusi seti ya vyombo zaidi ya 900, vyenye picha za mandhari halisi za Uingereza na chura mdogo wa kijani ukingoni.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni makombe ya buluu yaliyochapwa Staffordshire kati ya 1800 na 1860 hivi. Yalitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo bado yanapatikana. Bei zake zimeshuka, kwa kuwa familia za leo hazinunui tena seti za kulisha watu ishirini. Na hakuna aina inayomfundisha mtu kusoma chombo kuliko hii.

Staffordshire hapa ni miji sita iliyounganishwa kuwa Stoke-on-Trent: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Makaa ya mawe ya kuwashia matanuri yalikuwa chini ya miguu yao. Udongo mweupe ulitoka mbali, Devon na Cornwall, na mfereji wa Trent na Mersey ulipokamilika mwaka 1777 mizigo ikawa inaingia na kutoka kwa maji badala ya kuruka ruka kwenye barabara mbovu ikavunjika. Ukipata nafasi nenda Hanley, kwenye makumbusho ya The Potteries. Simama mbele ya makabati yale nusu siku kabla hujanunua chochote.

Halafu chagua nakshi. Willow ndiyo inayojulikana zaidi: mti wa mwerebi unaoinamia maji, daraja lenye watu watatu, mashua, uzio mbele, na ndege wawili juu. Mfinyanzi Josiah Spode aliipa sura yake ya kawaida mnamo 1790. Kile kisa cha wapenzi wa Kichina waliogeuka ndege kilitungwa Uingereza baada ya nakshi yenyewe kuwapo. Asiatic Pheasants, yenye buluu hafifu kama anga la asubuhi, ilipendwa mno zama za Malkia Victoria na viwanda vingi vikaichapa, kwa hiyo kombe lake zuri hupatikana kwa bei ya kawaida. Blue Italian ya Spode ilitoka mwaka 1816 na inatengenezwa hadi leo. Uzuri wake ni huo, na hatari yake ni hiyo hiyo: usipojua kusoma mgongo utalipia kombe la miaka ya 1980 bei ya lile la 1820.

Hatua ya pili: elewa lilivyochapwa

Usiiruke hatua hii. Ukijua kazi ya mikono iliyopita juu ya kombe, nusu ya maswali ya kununua hujijibu.

Mchongaji alichonga picha kwenye bamba la shaba. Bamba likapashwa moto, rangi ya buluu ya kobalti iliyochanganywa na mafuta ikasuguliwa ndani ya mikwaruzo, ya juu ikafutwa. Karatasi nyembamba mno ikalazwa juu na kupitishwa kwenye mashine, ikanyanyuka na picha. Wasichana wakaikata kwa mkasi: picha ya kati peke yake, ukingo peke yake. Mwanamke mwenye uzoefu akaibandika juu ya kombe lililokwisha kuchomwa mara moja, akaisugua kwa brashi ngumu mpaka rangi ikaingia, kisha karatasi ikaoshwa kwa maji na rangi ikabaki. Kombe likatiwa moto mdogo wa kuondoa mafuta, likachovywa kwenye uji wa kioo, likarudi tanurini. Buluu ikabaki chini ya utando wa kioo, kisu kisiifikie. Josiah Spode ndiye aliyelifanikisha jambo hili kwa buluu mnamo 1784.

Sasa shika kombe lako ufuate ukingo kwa kidole, polepole, mzunguko mzima. Mahali fulani utaona maua yamekatika, nusu ya jani imegota kwenye nusu ya ua jingine. Hapo ndipo karatasi ya ukingo ilipokutana na mwisho wake, na yule mwanamke akalazimika kuunga. Langu la kwanza lina kipepeo mwenye bawa moja. Bawa la pili limemezwa na maungio. Huwa nawaonyesha wageni kipepeo huyo kabla ya picha ya kati.

Maungio hayo ni ushahidi wa kazi ya mkono, ingawa viwanda vingine viliendelea na njia hiyo hadi karne ya 20, kwa hiyo peke yake hayathibitishi umri. Ila kombe ambalo nakshi yake imejaa vidoti vidogo vilivyopangika sawasawa, kama picha ya gazeti, ni la mashine za zama zetu. Beba kioo cha kukuzia.

Hatua ya tatu: ligeuze

Muuzaji anaweza kuniambia atakalo kuhusu uso wa kombe. Mimi naanzia mgongoni.

Tazama kwanza rangi ya utando pale ulipokusanyika, kwenye kona na pembeni mwa kitako. Ukiwa na umanjano au ukijani hafifu, huenda ni udongo wa malai. Ukiwa na ubuluu, ni ule wa baadaye, ambao wafinyanzi walianza kuutia kobalti kidogo tangu miaka ya 1770 ili uwe mweupe kama kauri ya Kichina. Makombe mengi ya buluu ya mwanzo wa karne ya 19 ni ya udongo huu.

Tafuta kisha alama ndogo tatu zilizo kama makovu. Tanurini vyombo vilitenganishwa kwa vigingi vya udongo vyenye ncha, ili utando usivigandishe pamoja, na ncha hizo ziliacha vidonda. Pitisha kidole, utavihisi vinakwaruza. Mgongo wa kombe la matumizi una pia mikwaruzo ya kila upande, mingine mirefu, mingine mifupi, imejaa uchafu wa miaka. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, mtu ameisugulia.

Ndipo uje kwenye maandishi. Namba moja iliyogandamizwa kwenye udongo, kama 16 au 18, kwa kawaida ni ukubwa kwa inchi. Jina la nakshi ndani ya fremu ya maua linaonyesha kwamba kombe ni la baada ya 1810 hivi. Ngao ya kifalme yenye ngao nyingine ndogo katikati ni ya kabla ya 1837, kwa sababu Victoria alipotawazwa ile ndogo ya Hanover iliondolewa. Neno "England" kwa kawaida huashiria 1891 na kuendelea, mwaka ambao Marekani ilianza kudai bidhaa zinazoingia nchini ziandikwe zilikotoka. "Made in England" ni maandishi ya karne ya 20 mara nyingi. Nembo isiyo na jina la nchi haithibitishi kwamba kombe ni la kabla ya 1891, lakini inafungua mlango huo.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni ile ya umbo la almasi, iliyotumika kusajili nakshi na maumbo kuanzia 1842 hadi 1883. Juu yake kuna duara lenye IV, daraja la vyombo vya udongo. Ndani ya pembe kuna herufi na namba. Kwa alama za 1842 hadi 1867 herufi ya mwaka iko pembe ya juu. Kuanzia 1868 imehamia kulia. Herufi hazifuati alfabeti: X ni 1842, H ni 1843, C ni 1844, kwa hiyo tafuta jedwali lake ulihifadhi kwenye simu. Herufi nyingine ni ya mwezi, na namba ni za siku na furushi la maombi. Madaftari yenyewe yamo kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Kew, London. Kuanzia 1884 almasi iliachwa, zikaja namba mfululizo zinazotanguliwa na "Rd No": zilikuwa zimefika kama 141,000 mwaka 1890 ulipoanza, na kama 351,000 mwanzoni mwa 1900. Kumbuka kuwa tarehe hii ni ya kusajili nakshi. Kombe lenyewe lingeweza kuchomwa miaka kadhaa baadaye.

Makombe mengi mazuri hayana chapa yoyote. Usiyakimbie. Lisilo na jina hukulazimisha uamini vidole vyako, na bei yake ni ndogo.

Kuna jina jingine utakalokutana nalo sana: ironstone. Charles James Mason alilipatia hataza udongo huo mgumu mwaka 1813, na wengine wakaiga. Ni mzito na hauvunjiki upesi. Ndilo jina linalopendwa pia na watengenezaji wa bandia za leo, wanaoweka simba, farasi wa pembe moja na neno "Ironstone" bila jina la kiwanda, au "Victoria Ware". Bandia hizo huwa nene mno na nyufa zake za utando zimepakwa rangi ya chai. Ukiziona tatu utaijua ya nne kutoka mbali.

Hatua ya nne: mikono, sikio na tochi

Omba ruhusa, kisha vua pete. Shika kombe kwa mikono miwili, kamwe usilinyanyue kwa ukingo mmoja. Liweke juu ya ncha za vidole vitano vilivyosimama, uligonge kwa ukucha wa mkono wa pili. Lililo zima huitika, hata kama udongo haulii kwa muda mrefu kama kauri. Lenye ufa hukujibu kwa sauti ya kibuyu.

Washa tochi ya simu uilaze pembeni, mwanga upite juu ya uso badala ya kuumulika moja kwa moja. Ufa mwembamba kama unywele hujitokeza hapo. Usiuchanganye na mtandao wa nyufa ndogo ndogo za utando, ambao ni uzee wa kawaida. Ufa wa kweli huonekana pande zote mbili za kombe.

Matengenezo ya zamani yapo ya aina mbili. Kuna ya pini za chuma zilizopindwa mgongoni, kazi ya mafundi waliopita mitaani. Hayo hayajifichi, nami nayaheshimu, maana yanaonyesha kwamba mtu alilithamini kombe lake kiasi cha kulipia lishonwe. Na kuna ya gundi na rangi, yanayojificha.

Haya yalinipata. Kwenye maonyesho makubwa ya vitu vya kale nilinunua kombe lenye mifereji iliyochongwa kama matawi ya mti, ya kukusanya mchuzi wa nyama kwenye shimo la upande mmoja. Nililipa paundi 65, mvua inanyesha, mwenye meza anafunga mizigo. Aliniapia ni zima. Nilipolifikisha nyumbani chini ya taa, nikaona kona moja haina ule mtandao wa nyufa uliojaa kwingine kote. Ilikuwa laini mno. Nililigusisha jino: utando wa kweli ni baridi na mgumu, hii ilikuwa vuguvugu kama plastiki. Kona nzima ilikuwa imejengwa upya. Sasa natembea na tochi ya mwanga wa urujuani, inayouzwa bei ndogo, kwa sababu chini yake rangi nyingi za matengenezo hung'aa tofauti na kombe lenyewe. Na mvua ikinyesha sinunui.

Hatua ya tano: soko

Masoko ya Jumapili ambako watu huuza vitu vya nyumbani kutoka nyuma ya gari ndiyo shule ya bei nafuu. Fika alfajiri. Maduka ya hisani yana bahati zake. Maonyesho makubwa kama ya Newark na Ardingly yana meza mamia, na Portobello Road, London, Jumamosi, ina wauzaji wanaojua mali yao na bei zao zinaonyesha hivyo. Uliza kwa adabu, "Bei yako ya mwisho ni ngapi?" Punguzo la kumi kwa mia ni la kawaida. Kuikebehi bidhaa ya mtu ili aishushe bei ni tabia mbaya, na hukufungia mlango mwaka ujao.

Mnadani angalia ada ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 30 juu ya bei ya nyundo. Andika ukomo wako kwenye karatasi, uweke ada ndani yake, na ukifika hapo shusha mkono. Omba taarifa ya hali ya kombe kwa maandishi, pamoja na picha ya mgongo.

Ukinunua mtandaoni, hatari kubwa ni posta. Mwombe muuzaji alifunge kombe kwa viputo, aliweke ndani ya boksi, kisha boksi ndani ya boksi. Mimi humlipa cha ziada kwa kazi hiyo, na sijawahi kujuta.

Anza na yenye kasoro. Kombe la 1820 lenye pengo ukingoni litakufundisha zaidi ya zima la 1950, na hutatetemeka ukilishika. Jiunge pia na wenzako: Uingereza kuna chama cha Friends of Blue, kilichoanzishwa mwaka 1973, na Marekani kuna Transferware Collectors Club.

Hatua ya sita: kuosha, kuweka, kutumia

Beseni la plastiki, taulo chini, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo. Mashine ya kuoshea vyombo ni mwiko. Madoa ya kahawia ni mafuta yaliyopenya chini ya utando. Loweka kombe kwenye maji safi siku moja, kisha lifunike kwa pamba iliyolowa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, uzungushie plastiki, usubiri siku kadhaa, urudie. Kombe lenye dhahabu, gundi au rangi ya juu usilifanyie hivyo. Dawa ya klorini ya kufulia usiiguse hata kidogo, maana chumvi zake hubaki ndani ya udongo na kuubandua utando baada ya muda.

Utando wa zamani una madini ya risasi, sumu inayotolewa na vitu vichachu. Kwa hiyo ukwaju, ndimu, achari na mchuzi wa nyanya visikae humo. Mimi siku ya Idi naweka visheti na halua juu ya karatasi au jani la mgomba, na pilau linakaa kwenye sinia. Bibi hakuyajua haya, nami sikumwambia.

Ukilitundika, kwepa waya za springi zinazobana kingo. Kiegemeo cha mbao chenye mdomo mpana ni salama zaidi. Nyumba yangu ya hapa haina zidaka, nimejenga rafu nyembamba yenye kizuizi mbele, mbali na mlango unaobamizwa.

Kwa walio na kombe la urithi pwani

Vyombo vya Ulaya viliingia Zanzibar kwa wingi karne ya 19, na vipande vyake bado huokotwa kwenye yaliyokuwa mashamba ya karafuu. Lakini si vyote vya Kiingereza. Vingi vilitoka Maastricht, Uholanzi, na ukiona chapa ya mnyama mwenye kichwa cha binadamu, yule wa Misri, hicho ni kiwanda cha Petrus Regout. Ligeuze kabla hujamwambia mtu ni la Mwingereza.

Waulize wazee pia kabla ya kuuza. Katika nyumba zetu kombe halikuwa la pilau tu. Liliandikwa aya kwa zafarani, likaoshwa, na mgonjwa akanywa yale maji, nayo dawa yenyewe ikaitwa kombe. Huenda hilo la kwenu lina historia ambayo haipo mgongoni.

Na jambo hili nalisema kwa uchungu: usinunue chombo kilichobanduliwa kaburini. Makaburi ya kale ya pwani, kama yale ya Kunduchi, yalipambwa kwa sahani za Kichina zilizojengewa ukutani, na leo mengi yana mashimo ya duara matupu. Mambo ya kale yanalindwa na sheria, na mwenye kukuuzia hawezi kukueleza amekipata wapi.

Daftari

Kila kombe liwe na ukurasa wake siku ile ile ya kununua: tarehe, mahali, bei, ukubwa, chapa iliyonakiliwa kwa penseli, kasoro zote, picha ya uso na ya mgongo. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu ni wa lile la bibi. Inchi 16. Buluu, limechapwa. "England", kwa hiyo 1891 au baadaye. Pengo dogo ukingoni upande wa kushoto, la Idi ambayo mjomba alilipokea kwa mkono mmoja. Mahali pa bei nimeandika: halikununuliwa.